Deli la Muuza Barafu na Fizikia ya Mpemba

Saa saba mchana, mabati ya Kalangalala, mjini Geita, yanapolialia kwa jua, muuza barafu hana wasiwasi. Deli lake limefungwa kwa mfuniko unaobana, na juu ya mfuniko amekunja kipande cha gunia. Mtoto akija na sarafu yake, mfuniko unainuliwa kidogo tu, mkono unazama, unatoka na barafu moja, mfuniko unarudi mahali pake. Hakuna aliyemwandikia kanuni ubaoni. Anachojua ni kwamba deli likikaa wazi, mtaji unageuka juisi.

Ng'ambo ya uzio, darasani, somo ni hilohilo. Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, myuko na mnururisho. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanafanya mtihani. Kengele ya mapumziko ikilia wanakimbilia kwenye deli, na ni wachache watakaounganisha kilichomo ndani yake na kilichomo kwenye daftari. Uzio huo unaweza kuvunjwa, na Mtanzania aliyewahi kuuvunja alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakasubiri yapoe, kisha wakayaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Siku moja Erasto Mpemba alimwona mwenzake akiweka maziwa yasiyochemshwa ili awahi nafasi. Naye, kwa kuogopa kukosa, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni ujiuji.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, mjini Tanga, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ungali wa moto, kwa kuwa ndivyo unavyoganda haraka. Mfanyabiashara alishalijua jambo ambalo darasa lilikuwa linalikataa. Hata alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, swali lake lilimletea kejeli: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza kuwa utani wa kila kosa ubaoni.

Hapo ndipo ufundi wake unapoonekana. Mpemba hakubaki kusimulia habari za maziwa. Siku moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi, akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka pamoja kwenye friza. Sukari imeondoka, mafuta ya maziwa yameondoka, ujazo ni uleule, friza ni ileile. Kilichobaki tofauti ni joto la kuanzia. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye bika ya maji ya moto. Kwa hiyo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alisimama na swali lenye namba ndani yake: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, kwa nini haya ya nyuzi 100 yaanze kuganda? Darasa lilicheka. Osborne aliahidi kujaribu, na akajaribu kweli.

Kule Dar es Salaam bika zilikalishwa juu ya kipande cha povu gumu la plastiki ili joto lisipitie chini, na joto likapimwa sehemu ya juu na ya chini ya maji. Walipomwaga utando mwembamba wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa. Maana yake joto jingi lilikuwa linatokea juu, si ubavuni. Andiko la pamoja la Mpemba na Osborne lilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education.

Ubishi haujaisha hadi leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuona ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kubadili jibu. Kwa mwalimu, hiyo ni zawadi. Somo ambalo wanasayansi bado wanabishania linamfaa mwanafunzi kuliko lile ambalo jibu lake liko nyuma ya kitabu.

Mpemba alikuwa anauliza kwa nini. Uhandisi unauliza nifanyeje. Hatua hiyo ya pili ilitengenezewa somo zuri Marekani na Christine Schnittka, kwa watoto wa umri wa darasa la sita hadi kidato cha pili. Kila kundi hupewa kipande cha barafu cha gramu 10 chenye umbo la pengwini, na kazi yao ni kukijengea nyumba. Vifaa hununuliwa kwa bajeti ya mchezo: pamba, karatasi, foili, povu la plastiki. Kisha nyumba zote huingizwa kwenye boksi lililopakwa rangi nyeusi chini, likimulikwa na taa kali kwa juu. Muda ukiisha, kila pengwini anapimwa uzito uliobaki. Halafu watoto wanabomoa na kujenga upya.

Uzuri wake uko kwenye mizani. Gramu moja ya barafu hula takriban jouli 334 ili iyeyuke. Pengwini akipungua gramu 3, mtoto ana haki ya kusema kwamba jouli kama 1,000 zimepenya ukutani mwake. Joto, ambalo halionekani, limegeuka uzito unaosomeka.

Kabla ya kujenga, watoto hao huonyeshwa majaribio madogo ya kuvunja imani zao. Wengi huamini blanketi linatengeneza joto, na chuma ni baridi kwa asili yake. Kalangalala jaribio hilo halihitaji maabara. Weka kipande cha barafu juu ya mfuniko wa sufuria, kingine cha ukubwa uleule juu ya ubao wa kukatia mboga. Ukigusa, mfuniko ndio wa baridi. Wanafunzi wataapa barafu yake itadumu. Itayeyuka kwanza, tena mbele ya macho yao, kwa sababu chuma kinapitisha joto haraka kuelekea kwenye barafu kama kilivyolipitisha kutoka kwenye kidole. Na blanketi? Muulize muuza barafu kwa nini amelivika deli lake gunia wakati yeye mwenyewe anatokwa jasho.

Nyumba ya pengwini inaweza kabisa kuwa nyumba ya bati ya Geita: boksi, paa la bati, na dari ya karatasi kwa kundi moja, bila dari kwa jingine. Hata maji ya kuchemsha yana somo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Geita iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Mwanafunzi atakayeandika 100 kwenye ripoti yake hakupima, amenakili.

Mfano wa wakubwa upo jikoni. Jiko la mkaa lenye udongo ndani lililotengenezwa Kenya miaka ya 1980 lilitokana na jiko la Thailand lenye umbo la ndoo. Mafundi wakalipa kiuno, wakaacha udongo ukae upande wa juu tu, pale mkaa unapowaka. Likunje, lijaribu, lirekebishe: ni mwendo uleule wa watoto na pengwini wao.

Hata uchimbaji wa dhahabu wa Geita una somo la joto: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 na zebaki huchemka kwenye 357, na ndiyo maana mchimbaji anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki mahali pa wazi hubaki na dhahabu huku mvuke wa sumu ukimwingia mapafuni. Jambo hilo lielezwe darasani, lisijaribiwe kamwe.

Tangu Januari 2024 mtaala mpya umefungua mkondo wa amali sekondari, kwa hiyo kisingizio cha kwamba kazi za mikono hazimo kwenye ratiba kimepungua nguvu. Kinachokosekana shuleni mara nyingi ni mizani inayosoma sehemu ya gramu. Hapo Geita ina bahati ambayo mikoa mingi haina: mizani za namna hiyo zimejaa kwenye maduka ya wanunuzi wa dhahabu. Mnunuzi mwenye mizani ya zamani kabatini aipeleke shule iliyo karibu naye, na mwalimu aanze na barafu moja kutoka kwenye deli.