Safu ya Baba

Muhula uliopita niliandika insha ya semina nikizilalamikia kurasa za mwisho za Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2020. Nilisema mwandishi anaharakisha. Kwa sehemu kubwa ya kitabu tunaishi polepole na Afiya na Hamza katika mji wa pwani, karakana ya mbao na vibaraza vyake, na vidonda ambavyo vita vya Wajerumani viliacha. Halafu, mwishoni kabisa, mtoto wao Ilyas anakwenda Ujerumani Magharibi, anapekua nyaraka, na kwa kurasa chache tu tunaambiwa kilichompata mjomba wake, ambaye naye ni Ilyas, askari aliyetoweka tangu Vita Kuu ya Kwanza. Lugha inakauka ghafla: tarehe, ofisi, kambi. Niliiita ripoti iliyobandikwa kwenye riwaya, na nikapata alama nzuri.

Sasa naamini nilisoma vibaya. Kilichonisahihisha ni daftari la ubatizo.

Kwetu ni Mlimba, pale reli ya TAZARA inapoyaacha mashamba ya mpunga ya bonde la Kilombero na kuanza kupanda milima kwenda Makambako. Bibi yangu mzaa mama hakuzaliwa hapo. Alizaliwa nyanda za juu za Iringa katikati ya miaka ya 1940, akateremka Mlimba miaka ya 1970 na mumewe, aliyekuwa anafuata kazi ya reli. Bibi ni chotara. Baba yake, tunaambiwa, alikuwa Mtaliano.

Katika hilo “tunaambiwa” kuna hadithi mbili. Ya kwanza inasema alikuwa mfungwa wa kivita. Hilo linawezekana: Wataliano waliposhindwa Ethiopia mwaka 1941, Waingereza waliwasafirisha makumi ya maelfu ya wafungwa hadi Kenya, na wengine wakafika Tanganyika. Anayepita Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, bado huona kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942. Hadithi ya pili inasema alikuwa fundi seremala aliyefanya kazi kwenye misheni. Nayo inawezekana, kwa maana Wataliano walikuwapo Iringa tangu mwaka 1919, walipofika wamisionari wa Consolata kutoka Turin.

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuuliza msimulizi anapata nini kwa kusimulia. Hadithi ya mfungwa inamsamehe: hakutoroka, alirudishwa kwao vita vilipokwisha. Hadithi ya seremala inatupa urithi: ndiyo maana mjomba wetu ana mikono ya ufundi. Na kila mwaka Mtaliano wetu anapanda cheo. Mama alipokuwa mdogo alikuwa fundi, mimi nimemkuta ni injinia. Ila katika hadithi zote mbili mama yake bibi hasemi neno. Anatajwa mara moja, kama mlango ambao Mtaliano alipitia, kisha simulizi linaendelea na yeye.

Aliyenisukuma kwenda kutafuta karatasi ni binamu yangu, naye alikuwa na sababu iliyo wazi kuliko yangu: pasipoti. Alikuwa amesikia kwamba Italia hutoa uraia kwa wajukuu na vitukuu vya Wataliano, na kwamba hifadhi za nyaraka za Italia zimeweka vitabu vya vizazi na vifo kwenye intaneti, bure. Vyote viwili vilikuwa kweli. Lakini ili upekue vitabu hivyo unahitaji jina la mtu na jina la mji wake, na sisi tulikuwa na “Mtaliano” tu. Kisha, mwaka 2025, Italia ikaibana sheria yake, na sasa kwa kawaida inaishia kwa mtu mwenye mzazi, babu au bibi Mtaliano. Kwa binamu yangu, huyu wetu yuko kizazi kimoja mbali zaidi. Akaniambia, “Basi dada, achana nayo.” Mimi nilikuwa nimeshakata tiketi ya treni.

Daftari lenyewe liko kwenye parokia moja ya huko juu. Katibu wa parokia alikaa nami mezani na kugeuza kurasa yeye mwenyewe, kwa kidole kilicholowanishwa, mpaka tukaufikia mwaka. Mistari imepangwa kwa safu, kwa Kilatini: namba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, padre. Jina la bibi lipo. Jina la mama yake lipo, pamoja na kijiji. Kwenye safu ya baba kuna maneno mawili: patris ignoti. Wa baba asiyejulikana.

Nilichukulia maneno hayo kama kila mtu angeyachukulia, kwamba hawakumjua. Ni baada ya kurudi chuoni ndipo nilipotafuta sheria iliyomwongoza yule padre. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, zilizotumika hadi mwaka 1983, zina kanuni ya 777 inayohusu namna ya kuwaandika watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Jina la mama liandikwe ikiwa watu wanajua kuwa ndiye mama, au akiomba mwenyewe. Jina la baba liandikwe pale tu yeye mwenyewe anapoomba kwa hiari yake, kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, au anapothibitishwa na hati rasmi ya umma. Bila hivyo, mtoto aandikwe kuwa wa baba asiyejulikana, hata kama padre anamjua, amekula naye mezani, na kijiji kizima kinamtaja kwa jina. Maneno yale hayasemi watu walijua nini. Yanasema kwamba mwanamume hakuja kuomba aandikwe. Huenda hakupewa nafasi ya kuja, huenda hata hakuambiwa kuwa kuna mtoto. Lakini safu ile ilikuwa inamsubiri yeye, na haikumpata.

Hapo ndipo nilipokirudia kitabu cha Gurnah. Katika riwaya, mjomba Ilyas aliishia Ujerumani, akaoa Mjerumani, akapata watoto, akashiriki maandamano ya waliotaka makoloni yarudishwe. Alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu na kufia kambi ya Sachsenhausen. Hatima hiyo inafanana sana na ya mtu halisi, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, akafundisha Kiswahili mjini Berlin, akaigiza kwenye filamu, akakamatwa mwaka 1941, akafia Sachsenhausen mwaka 1944. Tunayajua haya kwa sababu ofisi zilikuwa na haja naye. Aliomba nishani ya vita, wakamkatalia kwa maandishi. Alipokiuka sheria zao za rangi wakamfungulia faili.

Kwa upande wa Wataliano mambo yalikuwa kinyume. Amri ya mwaka 1937 ilimtisha kwa kifungo Mtaliano atakayeishi kinyumba na mwanamke wa koloni, na sheria ya mwaka 1940 ikamkataza baba Mtaliano kumtambua mtoto aliyezaa naye. Sheria hizo hazikuvuka mpaka kuingia Tanganyika ya Mwingereza. Lakini kama hadithi ya mfungwa ni kweli, mtu wetu alitoka katika utawala ambamo ukimya wa namna ile ulikuwa amri. Ubaguzi mmoja uliandika kila kitu ili uadhibu, mwingine ulifuta ili ukane. Hakuna kati ya hizo iliyokuwa inaandika kwa ajili ya mjukuu.

Ndiyo maana lugha ya Gurnah inakauka. Mpaka hapo riwaya ilikuwa inaona watu kwa macho ya wanaowapenda, na sasa inalazimika kuona kwa macho ya ofisi. Angeirefusha sehemu ile, angempa mjomba mawazo, hofu na majuto yake, angekuwa anafanya kile tunachokifanya Mlimba, kumpandisha cheo mtu asiyejulikana kila mwaka. Badala yake anamwacha Ilyas mdogo afanye kazi ya msomaji. Katika faili ile kuna jambo ambalo mwandishi wa faili hakulijali: mtoto wa mjomba, Paul, alimfuata baba yake kambini kwa hiari yake. Na hilo ndilo kijana analowapelekea wazazi wake, kwamba kulikuwa na mtu aliyempenda mjomba kiasi cha kwenda naye kwenye kifo. Karatasi iliandikwa kuorodhesha wafungwa, yeye akasoma humo pendo.

Nilipolisoma upya lile nililolinakili kutoka daftarini, niliona kwamba macho yangu yalikuwa yamekwama kwenye safu moja tupu na kuziruka zilizojaa. Safu ya msimamizi ina jina la mwanamke. Pembeni, kwa mwandiko wa padre mwingine, kuna maelezo ya ndoa ya bibi miaka ishirini baadaye, na katibu alipofungua daftari la ndoa, kati ya mashahidi wawili alikuwamo mwanamke huyohuyo. Niliyanakili majina hayo kwa sababu ya uanafunzi tu, sikuyauliza kitu.

Nilimwuliza bibi mwezi uliofuata, tukiwa barazani Mlimba, anapeta mchele. Nilianza na habari za safu ya baba, nikamweleza kanuni na mashahidi wawili. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilipomtajia jina la msimamizi, ungo ulisimama.

“Huyo ni dada yake mama,” alisema. “Mama alipofariki ndiye aliyenibeba. Kwa miguu, mpaka kwake, siku mbili. Watu walimwambia aache mtoto wa Mzungu misheni. Akakataa.”

Sikuwahi kumsikia mtu yeyote nyumbani kwetu akimtaja mama huyo. Nilimwomba bibi ruhusa ya kuliandika jina lake hapa, akasema nisubiri kwanza, kuna wajukuu wa mama yule huko Iringa, nao waulizwe.

Kisha akaendelea kupeta, na baada ya muda akaniuliza kama katibu angenikubalia nirudi tena, safari hii yeye akiwapo.