Mashine Moja Tu, Fundi

Ugomvi wa waifai huku Ukunda, pwani ya Kenya, una tiba mbili zinazojulikana na kila mtu: kubadilisha nywila, au kuchomoa ruta ukutani. Zote mbili hukata, na zote mbili huwakata wasio na hatia. Mwenye nyumba akibadilisha nywila kwa sababu ya mpangaji mmoja anayepakua filamu usiku kucha, kesho yake hodi haziishi mlangoni. Wa chumba cha pili anataka nywila mpya, dada wa ghorofani naye anaitaka, mtoto wa kidato cha tatu ana kazi ya shule, na kabla ya magharibi yule yule wa filamu keshaipata kwa jirani. Kuchomoa ndiko kubaya zaidi. Duka la chini, linalopokea oda kwa WhatsApp, linaadhibiwa pamoja naye.

Ndiyo maana namsifu fundi anayejua kumfungia mmoja. Kazi yake haina vumbi wala kelele, na wengi hawaihesabu kuwa ufundi. Anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani, anabonyeza hiki na kile, anakunywa chai aliyoandaliwa, anaaga. Nyumba nzima inaendelea na shughuli zake. Mashine moja ndiyo iliyopata habari.

Kusini ya kivuko cha Likoni kazi hii haina umri mkubwa. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na nje. Mwaka huo ndipo kebo za chini ya bahari zilipotua Mombasa, TEAMS ikitokea Fujairah katika Ghuba ya Omani, kisha SEACOM. Hata baada ya hapo, intaneti ya mtu wa Kwale ilikaa mfukoni: simu yako, bando lako, likiisha limekwisha lako. Ruta ndiyo iliyoleta ushirika, na palipo na ushirika fitina haikosi kiti. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto na watu wazima wakajikuta wanagombania kisanduku kimoja chenye taa. Shule zilifunguliwa zote Januari 2021, lakini visanduku havikurudishwa dukani. Tangu Starlink, intaneti ya setilaiti, ianze kuuzwa Kenya Julai 2023, hata mwenye nyumba iliyo mbali na nguzo za faiba aweza kuwa na ugomvi wake mwenyewe.

Nilimtazama fundi mmoja akiifanya kazi hii kwenye nyumba ya wageni huko Diani. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa na kompyuta ya zamani pale mapokezi, inayotumia Windows 7. Hesabu zake zote zimo humo, katika programu ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena. Windows 7 Microsoft iliacha kuitilia viraka vya usalama tarehe 14 Januari 2020, kwa hivyo kuiacha mashine ile ivinjari ovyo ni kuviita virusi karamuni. Na vijana wa zamu ya usiku, kama ujuavyo, hawawezi kukaa na kompyuta bila kuifungulia mpira.

"Mashine moja tu, fundi," alisema mama. "Wageni wangu wasiguswe."

"Sawa, mama. Na printa?"

"Printa naitaka. Risiti nitazitoaje?"

Swali lile la printa ndilo lililonifanya nivute kiti. Asiyejua kazi angeiweka mashine kwenye orodha ya waliokatazwa waifai, kisha akaondoka na pesa zake. Ingekuwa imefungwa kweli, tena imefungwa mno. Kuzuia kwa waifai humnyima mtu kuingia hata ndani ya mtandao wa nyumba, kwa hivyo kompyuta isingeiona printa iliyo kwenye meza ya pili. Alichotaka mama ni kingine: mashine ikae ndani, izungumze na wa ndani, ila isitoke nje. Ruta nyingi za nyumbani zinaweza yote mawili, na kila moja lina ukurasa wake katika mipangilio. Kazi ni kujua lipi limeombwa, na mwenye kuomba mara nyingi hajui kama yako mawili.

Akafungua kivinjari, akaandika 192.168.1.1, na ukurasa wa ruta ukamjia. Namba za namna hiyo zimetengwa kwa matumizi ya ndani, na ndiyo sababu ruta ya Diani na ruta ya Msambweni zaweza kuitwa kwa anwani moja bila kugongana. Hapo kukaonekana orodha ya vifaa vilivyounganishwa: simu, televisheni, na kompyuta tatu zenye majina ya herufi zisizosomeka. Ni ipi ya mapokezi?

Fundi hakubahatisha. Alimwomba kijana wa mapokezi azime waifai ya mashine yake, akaisasisha orodha, akatazama ni mstari gani uliotoweka. Hakutosheka na hilo. Aliinuka, akaenda kwenye mashine yenyewe, akafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika ipconfig /all. Akaisoma anwani ya MAC kwa sauti, tarakimu na herufi kumi na mbili, mbili mbili, huku kijana akizilinganisha na zilizo kwenye orodha. Anwani hiyo kazi yake ni ile ya namba ya gari mbele ya askari wa geti mwenye daftari: dereva aweza kubadilika, jina la mwenye gari laweza kubadilika, askari anaandika namba. Sita za mwanzo hutambulisha kiwanda, navyo viwanda hugawiwa mafungu yao na shirika la IEEE. Anayejua kuzisoma hutofautisha kompyuta na televisheni kabla ya kuinuka kitini.

Halafu likaja jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Kompyuta ile ilikuwa na anwani mbili za MAC, moja ya waifai na nyingine ya tundu la waya. Fundi akaziandika zote. "Nikifunga moja," aliniambia bila kunitazama, "saa nne usiku mtu atachomeka waya."

Sehemu iliyobaki aliipita haraka. Alizipa anwani zile namba za kudumu ndani ya nyumba, ili ruta isije ikazigawia nyingine kesho na amri ikamwangukia mgeni wa chumba namba sita. Akaandika amri ya kuzuia kutoka nje, akaifunga kwa MAC badala ya namba ya ndani peke yake, maana namba ya ndani mtu hujibadilishia mwenyewe kwa dakika moja. Akaangalia kama ruta inagawa pia anwani za mtindo mpya, IPv6. Ilikuwa inagawa. Amri iliyoandikwa kwa anwani za zamani pekee ingeacha upande mmoja wazi kabisa, na hilo ndilo kosa la mafundi wengi wa haraka haraka: wanafunga, wanalipwa, na kijana anaendelea kutazama mpira.

Kupima nako kuna adabu yake. Hakutosheka na kufungua ukurasa mmoja na kuona umekataa, kwa kuwa ukurasa waweza kukataa kwa sababu mia. Aliipigia ruta kwa amri ya ping, ikajibu. Akaipigia 8.8.8.8, seva ya Google inayojulikana na kila fundi, kukawa kimya. Akachapisha karatasi moja, printa ikaitoa. Akachukua simu ya mgeni aliyekuwa akingoja teksi, kwa ruhusa yake, akafungua video. Ikacheza. Ndani ipo, nje haipo, wengine salama. Kwa ushahidi huo ndipo alipohifadhi nakala ya mipangilio kwenye flashi, akaandika tarehe na zile anwani mbili kwenye daftari la mama, si lake. Kesho akija fundi mwingine atakuta maandishi.

Pwani yetu ina visa vyake vinavyolifanya daftari lile liwe na maana. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo huua ruta. Upepo wa chumvi hula pini za nyaya. Kuta nene za mawe ya matumbawe, nzuri kwa baridi ya ndani, huyadhoofisha mawimbi ya waifai hata watu wakaongeza ruta ya pili, na amri iliyoandikwa kwenye ya kwanza haihami yenyewe kwenda ya pili. Kisha kuna lile tundu dogo nyuma ya ruta. Mwenye pini na sekunde kadhaa za kubonyeza huirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na kazi yote ikafutika. Fundi wa Diani aliiweka ruta juu, ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Nalo ni sehemu ya ufundi, japo halihitaji kompyuta.

Kwenye nyumba za familia mambo ni magumu zaidi, kwa sababu anayefungiwa ana muda na ana hamu. Simu za Android tangu toleo la 10 la 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya 2020, huuonyesha kila mtandao anwani ya MAC ya kubuni, kwa ajili ya kulinda faragha ya mwenye simu. Windows 10 na 11 zina swichi ya kufanya hivyo hivyo. Kijana wa Msambweni aliyefungiwa kompyuta yake akiigundua swichi hiyo, amerudi mtandaoni kama mgeni asiyejulikana. Fundi mzuri humtambua kwa jicho: tarakimu ya pili ya anwani ikiwa 2, 6, A au E, hiyo haikutoka kiwandani. Dawa yake ni kuigeuza orodha, badala ya kuwaandika waliokatazwa ukaandika walioruhusiwa, au kuwapa vijana waifai ya wageni yenye nywila yake na saa zake za kuzima.

Na bado kijana atanunua bando, awashe hotspoti ya simu yake, amalize mchezo. Hapo ruta haina la kusema. Fundi mkweli hukuambia hivyo kabla hujamlipa. Wadigo, wenyeji wa huku, kijadi humpa mjomba sauti kubwa juu ya mpwa wake, na nimesikia mjomba akimwita fundi ili aongee na mashine badala ya yeye kuongea na mpwa. Fundi yule alimjibu kwa heshima zote: "Mjomba, mimi nitafunga saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Lakini umwambie wewe, asiione tu imekatika." Nilimpenda kwa neno hilo kuliko kwa amri aliyoiandika. Mtu aliyefungiwa bila kuambiwa huihangaikia mashine, huirudisha dukani, humlaumu jirani, na akijua ukweli anatafuta pini.

Kuna heshima nyingine ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha ruta. Orodha ile ya vifaa husema mengi kuliko inavyoulizwa. Inaonyesha simu ya nani imeingia saa ngapi, nani hakulala nyumbani, na kuna simu gani ngeni nyumbani. Mwenye nyumba akiinama juu ya bega la fundi, macho yake hayatafuti kompyuta tena. Fundi ninayemsifu huufunga ukurasa akishamaliza alichoitiwa. Vilevile huwakataa wengine: mume anayetaka kumkatia mkewe kimya kimya, mwenye nyumba anayetaka kumsumbua mpangaji aliyelipa kodi yake yote, intaneti ikiwamo. Mkono unaojua kumfungia mmoja unaweza kumwonea mmoja kwa urahisi ule ule, tena pasipo majirani kusikia. Kwangu mimi anayekubali kazi za namna hiyo si fundi, hata awe anazijua tarakimu zote kwa moyo.

Malipo ya kazi hii ni madogo, na watu hulalamika hata hivyo. "Umekaa tu hapo ukabonyeza," humwambia. Wangependa wamwone akitokwa na jasho, akitoboa ukuta, akivuta waya. Muulize basi huyo alalamikaye aitofautishe mashine ya mapokezi na simu ya mgeni, akumbuke tundu la waya, aulize habari ya printa. Akishindwa, amlipe mwenzake.

Wewe msomaji, kabla hujamwita fundi, igeuze ruta yako utazame karatasi iliyobandikwa chini yake. Mara nyingi nywila ya kuingilia kwenye mipangilio imeandikwa pale, na kila aliyewahi kuifuta vumbi ameiona. Kama ndiyo unayoitumia hadi leo, ibadilishe leo, uiandike daftarini, na daftari ulitie kabatini. Pasipo hilo, chochote utakachokifunga kitafunguliwa na mtoto.