Gharika Isiyo na Maji: Kisakale cha Nyari ya Marafa

Mhakiki anayekutana na hadithi ya mji ulioangamia kwa siku moja hushawishika kuitia papo hapo katika fungu la gharika, kisha akatafuta humo kosa, onyo na adhabu, kwa kuwa ndivyo kisa cha Nabii Nuhu kilivyotuzoesha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ushawishi huo, ukifuatwa bila hadhari, hukipotosha kisakale kimoja mashuhuri cha pwani ya Kenya: kile cha Nyari, korongo la Marafa lililoko Magarini, kaskazini mwa Mto Sabaki, bara ya mji wa Malindi.

Nyari, kwa Kigiriama, ni mahali palipobomoka penyewe. Ardhi ya hapo imekatika ghafla, na chini yake zimesimama kuta na minara ya mchanga ulioshikamana, mingine myeupe, mingine ya waridi, mingine myekundu kama damu. Wataalamu wa miamba wanatueleza kuwa mvua na upepo ndivyo vilivyoimomonyoa ardhi hiyo laini kwa muda mrefu sana. Yaani maji yamo katika kisa hiki, ila yalifanya kazi yao polepole, bila shahidi. Watalii nao hupaita mahali hapo Jiko la Jehanamu. Jina hilo halina msaada wowote kwa mhakiki, maana katika masimulizi mawili tutakayoyajadili hamna moto.

Simulizi la kwanza, ambalo ndilo lililoenea zaidi, linahusu jamaa ya matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi kupindukia, hata wakawa wanaoga maziwa. Mungu akaghadhibika kwa israfu hiyo, ardhi ikawadidimiza pamoja na mali yao. Weupe wa kuta ni maziwa yao, wekundu ni damu. Tukilitazama kwa makini, simulizi hili ni gharika iliyopinduliwa. Kiowevu kinachofurika hakitoki mbinguni wala baharini, bali kimemwagwa na watu wenyewe, na kilifurika kabla ya adhabu kushuka. Katika kisa cha Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay huko Nyanza, maji huja baada ya kosa: mwanamke mzee ananyimwa hifadhi na wanakijiji, nao wanazama. Marafa kosa lenyewe ndilo mafuriko.

Lakini ni nani hao waliooga maziwa? Wasimulizi wa leo aghalabu ni Wagiriama, wakulima wa mahindi, mihogo na minazi, ambao walivuka Sabaki na kuenea kaskazini yake mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yao nchi hiyo ilikuwa malisho ya Waoromo, wafugaji hasa, ambao maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula na fahari yao. Kwa maoni yangu, basi, simulizi la kwanza linawanyooshea kidole waliotangulia: walikuwapo watu hapa, wakaifuja neema, nchi ikawatema. Kisakale cha namna hii huhalalisha ukaaji wa waliokuja baadaye. Kukisoma kama onyo la jumla dhidi ya ubadhirifu si kosa, ila ni kukisoma nusu.

Simulizi la pili ni fupi, nalo ndilo lililonivuta kuandika. Wanakijiji wanaonywa kwamba mwujiza utatokea, wanaamriwa wahame. Wote wanahama isipokuwa bibi kizee mmoja, anayekataa. Kijiji kinadidimia naye yumo.

Mhakiki aliyeshika kipimo cha Nuhu atasema bibi huyu ni kama yule mwana wa Nuhu aliyedhani mlima utamkinga na maji. Sikubaliani na usomaji huo. Mwana wa Nuhu alikataa kwa kuwa hakuamini. Hoja yake imeelezwa, na baba yake alibishana naye. Bibi wa Marafa hakupewa hoja yoyote. Hakutajwa kuwa mchoyo, wala mwasi, wala mpumbavu. Yeye hataki kuhama, basi. Tena yumo katika fasihi ya watu ambao kwao kuzama ardhini si lazima kuwe laana. Wagiriama hao hao husimulia habari za Mepoho, mwanamke aliyetabiri kuja kwa wageni na kuvurugika kwa desturi, na ambaye alipokwisha kunena alididimia ardhini. Hakuna anayesema kwamba Mepoho aliadhibiwa. Ardhi ilimpokea mtu wake. Iwapo hadhira moja inayo masimulizi yote mawili, kwa kanuni gani tunamhukumu bibi wa Marafa kwa sheria ya Nuhu badala ya kumsoma sambamba na Mepoho?

Swali hili si la nadharia tupu. Kufuatia vita vya Wagiriama na Waingereza vya mwaka 1914, wakazi wa kaskazini ya Sabaki waliamriwa waihame nchi hiyo na kurudi kusini ya mto. Baadaye wakaruhusiwa kurejea. Marafa ipo upande ule ule waliofukuzwa. Sidai kwamba simulizi la bibi kizee lilizaliwa na amri hiyo, kwani onyo katika hadithi linatoka kwa nguvu zisizo za binadamu, na huenda hadithi yenyewe ni ya kale zaidi. Ninachodai ni kwamba hadhira ambayo wazee wake waliambiwa "ondokeni" na serikali haiwezi kumsikiliza mtu aliyekataa kuondoka kama ambavyo angesikilizwa kwingineko. Muktadha umeibadilisha maana bila kubadilisha hata neno moja.

Kwa hiyo tabia ya kuyaunganisha masimulizi haya mawili ni hasara kubwa. Bibi akiwekwa miongoni mwa waoga maziwa huwa mshirika wa dhambi ambayo simulizi lake halikuitaja kamwe, na ukaidi wake hugeuzwa kuwa ulafi. Wanaokusanya masimulizi ya Kilifi kwa ajili ya vitabu vya shule wangeyachapa mbali mbali, na chini ya lile la pili wasiandike funzo.