Jina Lililoahidiwa Posta

Sisi tushukao boti kutoka Unguja hatukawii kufika Posta, Dar es Salaam, ilipo Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Wengi huitazama bunduki yake. Mimi, mfasiri niliyejifunza kazi hii bila kukaa darasani, huyasoma maandishi ya chini, ya Kiingereza na Kiswahili. Mtungaji wake ni Rudyard Kipling. Yanawakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918, na yanamaliza kwa ahadi: mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kauli hiyo ni fupi na nzito; ufundi wake siukatai. Lakini na tuipime kama tupimavyo shairi, kwa ukweli wa maana yake. Lizunguke jiwe lote: hulioni jina la askari hata mmoja, wala la mpagazi. Na nchi yake ni ipi, mtu aliyetawaliwa pasipo ridhaa, akapelekwa kupigana na Mwafrika mwenziwe aliyevaa sare za Wadachi?

Kabla ya askari huyu, mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeizima vita ya Mrima. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani alipigana, kisha akakubali suluhu mwaka 1890. Nani atamlaumu? Ila suluhu ya aliyezidiwa silaha haikumrudishia nchi yake. Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu ya Wissmann. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita hivyo ungalipo, na jina la Abushiri limo.

Mtaa upitao hapo leo unaitwa Samora. FRELIMO, chama cha Samora Machel, kiliundwa mji huu huu mwaka 1962. Kikapigana miaka 10, na mwaka 1974 kikaketi Lusaka kupatana na Wareno. Huyo aliketi mezani akiwa na nchi ya kudai, na jina lake likaandikwa.

Wapagazi je? Shaba imewapa sifa bila majina. Malenga wenzangu, deni hilo ni letu.