Ramani za Kale za Uingereza, na Wanaozikata

Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaokusanya ramani za kale za wilaya za Uingereza, kama wengine wakusanyavyo stempu za barua. Wanatafuta hasa kazi ya John Speed, mshona nguo aliyegeuka mwandishi wa historia. Kitabu chake cha ramani kilitoka London mwaka 1611 na 1612.

Tuutazame ukurasa wa Cambridgeshire. Kandokando zimepangwa ngao za vyuo, na wanavyuo wanne wamesimama na majoho yao. Katika ule wa Wiltshire mna mawe makubwa ya Stonehenge. Hakika yapendeza! Lakini msafiri atafuata njia gani? Barabara hakuna. Vilima vimechorwa kama vichuguu, vyote karibu sawa. Tena upimaji mwingi si wake, aliutwaa kwa wengine, kwanza kwa Christopher Saxton, ambaye ramani zake zilitoka mwaka 1579. Speed mwenyewe hakulificha jambo hilo. Kilicho chake hasa ni ramani ndogo za miji pembeni. Nyingi alizipima mwenyewe, nami naziona bora kuliko ngao zote.

Sasa rangi. Jodocus Hondius wa Amsterdam alizichonga ramani katika mabamba ya shaba, zikapigwa chapa kwa wino mweusi tu. Rangi ilitiwa baadaye kwa mkono, karatasi moja moja, na nyingi hazikutiwa kabisa. Basi wauzaji wengine huzipaka siku hizi, maana zenye rangi hupendwa. Sioni ubaya wa kupaka, ila wa kumwacha mnunuzi adhani ni rangi ya kale. Na aigeuze karatasi: kijani cha zamani, kilichotengenezwa kwa shaba, mara nyingi huila karatasi na kuacha alama ya kahawia nyuma.

Lakini lipo lililo baya zaidi. Ramani hizi zilikuwa kitabu. Wafanya biashara wamekata vitabu vizima, kwa kuwa kurasa zikiuzwa mbali mbali huleta fedha nyingi. Mimi nauita uharibifu, hata mkasi ukishikwa na mtu mwenye elimu. Katika chapa za kwanza Speed aliandika nyuma ya kila ramani habari za wilaya ile: hewa yake, udongo wake, watu wake wa zamani. Mnunuzi huitia karatasi katika kioo, akaitundika sebuleni, na maneno yote hayo yanautazama ukuta.