Kuichagua Transfoma ya Reli Ndogo

Mtu aingiapo katika mapenzi ya treni ndogo za umeme, aghalabu hutumia fedha yake yote katika injini na mabehewa, akashughulishwa na rangi, maandishi ya ubavuni na moshi utokao bombani, na kile kisanduku kizito kinachoviendesha vyote hivyo akakinunua mwisho kwa salio lililobaki mfukoni. Nasema bila kusita kwamba utaratibu huo haufai, kwa kuwa injini mbovu huharibu safari yake yenyewe, bali transfoma mbovu huharibu kila injini itakayopita juu ya reli zake, na yaweza kumdhuru hata mwenye nyumba.

Nitasema hasa juu ya treni za Lionel, kampuni iliyoasisiwa mjini New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen, kwa sababu transfoma zake za baada ya Vita Kuu ya Pili zingali zikiuzwa na kununuliwa Marekani, na kwa sababu katika hizo sifa na aibu za chombo hiki huonekana bayana. Treni za Lionel za kipimo cha O hupita juu ya reli tatu, mbili za nje na moja ya kati, zikitumia umeme wa mkondo geu ambao transfoma huupokea ukutani kwa volti 120 na kuushusha hadi baina ya volti 6 na 20, kadiri mkono wa kuendeshea usogezwavyo. Zile treni ndogo zaidi za HO, zitumiazo mkondo mnyoofu wa volti 12, zina sharia zao, na injini yake huvuta umeme kidogo hata chombo kidogo huitosha. Ila ole wake aiwekaye juu ya reli zenye mkondo geu, maana mota itatetemeka mahali pale pale hadi iungue.

Jambo la kwanza la kuamuliwa ni nguvu, na hapa ndipo wanunuzi wengi hughilibika. Transfoma mashuhuri kuliko zote za Lionel ni ZW, iliyotengenezwa tangu 1948 hadi 1966, yenye mikono miwili mikubwa pembeni, na juu ya kibati chake imeandikwa wati 275. Hesabu hiyo ni ya umeme inaouvuta kutoka ukutani; ukiipima upande wa reli, utapata wati zipatazo 180. Kampuni hiyo hiyo baadaye ilitoa kisanduku kisicho na mkono wala madaha, kiitwacho PowerHouse 180, kinachotoa volti 18 kwa ampea 10, na zidisho la hesabu hizo mbili ni 180 kamili, yaani wati zinazofika relini kwa hakika. Basi yule pandikizi wa zamani na huyu mdogo wa leo wanakaribiana sana kwa uwezo, na asomaye kibati peke yake hatalijua hilo.

Baada ya hapo ni hesabu nyepesi. Injini ya zamani yenye mota nzito huvuta kama ampea 2 na nusu. Behewa la abiria lenye taa mbili za waya huvuta karibu nusu ampea. Na mabehewa matano yakifuata injini moja, jumla ni ampea 5, ambazo kwa volti 14 ni wati 70. Transfoma ndogo ya 1033, iliyoandikwa wati 90 na kupendwa na wengi kwa bei yake, haiwezi kuubeba mzigo huo bila kuchemka, ingawa kibati chake chaonekana kuahidi zaidi. Kanuni yangu ni kutafuta uwezo unaozidi mahitaji kwa thuluthi, kwani chombo kinachofanya kazi bila kulemewa hudumu miaka mingi.

Kibati kikishasomwa, chombo chenyewe kishikwe mkononi. Uanze na waya wa ukutani kabla ya kitu kingine chochote: ukunje polepole karibu na mahali uingiapo ndani ya kasha, na kama mpira wake umekauka ukapasuka, au umeteleza ukaonyesha shaba, transfoma hiyo isichomekwe hata kwa jaribio mpaka fundi aubadilishe. Kisha omba kasha lifunguliwe. Ndani utaona nyaya za shaba zilizozongwa juu ya mabamba ya chuma, na sehemu moja ya mzongo imekwanguliwa vanishi ili kigurudumu kidogo cha kaboni kipite juu yake. Kigurudumu hicho ndicho kinachochagua volti, na ndicho kinacholika. Kilicho kizima ni duara kamili na huzunguka. Kilichochoka kina ubapa upande mmoja, huburutwa badala ya kuzunguka, na huacha alama nyeusi za cheche juu ya shaba. Vigurudumu huuzwa na si ghali, bali shaba iliyochimbika kwa cheche hairudi hali yake, na hapo ni bora kumshukuru muuzaji na kuondoka.

Jaribio la kweli ni la mzigo, kwa kuwa transfoma yoyote, hata iliyo mahututi, huonyesha volti nzuri ikiwa haifanyi kazi. Chukua balbu ya taa kubwa ya gari, ya volti 12 na wati 55, uifunge baina ya skrubu A, ya kutolea umeme, na skrubu U, ya kuurudisha, na mita ya kupimia volti ubavuni pake, kisha upandishe mkono taratibu. Mwanga ukue kwa ulaini bila kuruka wala kupepesa. Mita isianguke sana balbu iwakapo. Na baada ya nusu saa kasha liwe na uvuguvugu tu, lisitoe harufu ya vanishi inayoungua. Mvumo mdogo wa chuma ni wa kawaida. Mlio wa kukereza ni dalili ya mabamba yaliyolegea. Na kwa kuwa katika Lionel honi hulizwa kwa kuchanganya mkondo mnyoofu kidogo ndani ya mkondo geu, ibonyeze swichi ya honi pia: kile kisahani cha oksidi ya shaba kifanyacho kazi hiyo huchakaa kwa umri, na mafundi wengi hukiondoa wakatia dayodi, badiliko ambalo mimi nalikubali kabisa.

Hata hivyo, kinachotenga transfoma njema na zilizobaki ni namna inavyoukata umeme inapotokea shoti. Behewa likianguka na kuziunganisha reli, sakiti breka lazima ijikate upesi. Ile ya ZW huchelewa hata ikiwa mpya, kwani hungoja kipande cha chuma kipate moto, na kwa umri huchelewa zaidi. Fauka ya hayo, imewekwa upande wa U peke yake, hivyo gari likikanyaga kipande cha reli kilichofungwa kwenye A na kingine kilichofungwa kwenye D, na mikono miwili haiko sawa, umeme hupita kutoka A hadi D bila kuigusa breka hiyo hata kidogo, na waya hupata moto ilhali kila kitu chaonekana salama. Dawa yake ni kufunga breka ndogo na nyepesi katika kila skrubu ya kutolea umeme, A, B, C na D, hasa kwa mwenye injini za kisasa ambazo bodi zake za elektroniki hufa kwa mruko mfupi wa volti.

Na hadhari nyingine, ambayo nataka isomwe mara mbili: transfoma hufanya kazi kinyume pia. Ikiwa mbili zimeunganishwa kwenye reli moja, na plagi ya mojawapo ikachomolewa ilhali nyingine ingali yawaka, meno ya plagi iliyo mkononi mwako yaweza kuwa na umeme wa ukutani. Zote mbili zipite katika swichi moja inayozizima pamoja.

Msomaji wetu wa Mombasa, Dar es Salaam au Maskati akiletewa transfoma ya Marekani na jamaa aliyeko huko, asiichomeke ukutani kwake, kwani volti 230 au 240 zitaiunguza mara moja. Na hata akiipitisha katika kishusha volti, imeumbwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde, na kwa mizunguko 50 ya huku chuma chake hupata moto zaidi, kwa hiyo apunguze mzigo. Kwake yeye ni heri kununua tangu mwanzo chombo kilichotengenezwa kwa umeme wa nchi yake. Na kwa aliyeko Marekani, hukumu yangu ni hii: anayeendesha treni moja au mbili za kisasa achukue PowerHouse 180, na ZW aichukue yule tu atakayekubali kulipa waya mpya, vigurudumu vipya na breka nne juu ya bei aliyotajiwa.