Filamu ya ziwa letu, na waliobeba boti

Ijumaa tuliwaonyesha vijana filamu ya The African Queen, ya mwaka 1951, kwenye ukuta wa kituo, mimi nikitafsiri kwa sauti. Nilidhani watalala. Wapi! Humphrey Bogart, mlevi mwenye boti bovu, na Katharine Hepburn, dada wa mmisionari, wanateremka mto mwaka 1914 wakazamishe meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Mwisho inazama kweli. Vijana walipiga makofi, na mimi nikapiga. Wale wawili wanajua kugombana, na pale kwenye ruba mwili wote unawasha.

Kisha msichana mmoja wa Uvira akauliza: "Kaka, na watu weusi wameenda wapi?"

Kweli kabisa. Mwanzoni wanaimba kanisani, kijiji kinachomwa, wanachukuliwa. Baadaye unaona askari wa ngomeni wakifyatua risasi, basi. Vita inageuzwa na wapenzi wawili.

Hadithi yenyewe ilitokana na mambo ya Ziwa Tanganyika, hili hili letu. Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou (ndiyo, Mimi, ukumbi mzima ulicheka), kwa treni kutoka Cape Town hadi Katanga. Kutoka hapo zikaburutwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba. Mashine za mvuke zilikuwepo, ng'ombe pia, lakini njia ilikatwa na madaraja yakajengwa kwa mikono ya maelfu ya Waafrika. Desemba 26, 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kingani. Februari 9, 1916 Hedwig von Wissmann ikazama.

Lakini ile kubwa, Graf von Götzen, hakuna Mwingereza aliyeizamisha. Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma, Julai 1916, kwa sababu jeshi la Wabelgiji lilikuwa linakuja kwa nchi kavu. Juni lilikuwa limeshaingia Usumbura, yaani hapa Bujumbura. Septemba likaingia Tabora. Askari wake walikuwa Wakongo, na nyuma yao wapagazi: chakula, risasi, vipande vya mizinga, vyote kichwani. Kongo peke yake ilitoa wapagazi zaidi ya laki mbili. Maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi.

Sasa hapo ndipo ninapogombana na filamu. Kutunga siyo kosa, Bogart hakuapa mahakamani. Ila inatufundisha kutafuta mahali vita ilipogeukia kwenye mlipuko, wakati huku iligeukia miguuni mwa watu ambao kamera imewaacha kijijini. Na waliobaki hapa walibadilishiwa bwana tu, Mjerumani akatoka, Mbelgiji akakaa hadi 1962.

Götzen nayo iliibuliwa majini mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi Wakongo nyumbani kutoka Kigoma. Mei 2015 iliwachukua Warundi kutoka Kagunga. Niliposema hivyo, yule msichana akaruka: bibi yake aliipanda, hiyo ya 1997, na anachokumbuka ni harufu ya dagaa na mtoto aliyetapika safari nzima.

Ijumaa ijayo bibi anakuja. Ukuta utasubiri, tutamsikiliza yeye kwanza.